Mbwa mkubwa kakatika ligamenti ya goti: umpumzishe, umtie uzi au akatwe mfupa?

Mbwa wa kilo 30 na kwenda juu akianza kuchechemea mguu wa nyuma, akisimama anagusa chini kwa ncha za vidole tu, akikaa anautupa mguu pembeni badala ya kuukunja chini yake, basi mara nyingi ni ile ligamenti (ukamba wa kushikilia mifupa) ya mbele iliyomo ndani ya goti, imechanika nusu au imekatika kabisa. Hapo ndo watu wanapokwama, maana mmoja atakwambia mpumzishe tu, mwengine atakwambia kuna operesheni ya kutia uzi, na wa tatu keshaangalia video anakwambia bila ya TPLO, ile operesheni ya kukata na kugeuza mfupa, huyo mbwa basi tena. Wote watatu wana hoja. Shida ni kwamba maelezo mengi ya mambo haya yameandikwa kwa mtu ambae daktari wa mifupa ya mbwa yuko mtaa wa pili, sio kwa mwenye Rottweiler analinda hoteli Jambiani au msasi wa Pemba ambae mbwa wake kaumia porini anafukuza nguruwe.

Kabla ya kuchagua chochote, hakikisha ni goti kweli

Mbwa wetu wana kupe, na homa ya kupe yenyewe inaweza kumfanya mbwa achecheme na viungo vimuume. Kwa hivyo pima damu mwanzo. Hata kama goti kweli limekwenda bado kipimo hicho unakihitaji, kwa sababu maradhi ya kupe yanashusha zile chembe za kugandisha damu na hutaki daktari aligundue hilo wakati keshapasua.

Daktari anaejua kazi yake atashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, asukume, na ligamenti ikiwa imekatika mfupa wa muundi unateleza kwenda mbele. Jibwa lenye misuli likijikaza hupati kitu, inabidi apigwe sindano ya kumlegeza kwanza, kwa hivyo akikwambia "hakuna kitu" na mbwa alikuwa amejikaza muda wote, rudi tena. Eksirei haioneshi ligamenti yenyewe, inaonesha goti lililojaa maji na mifupa iliyoanza kuota vijinundu, na inasaidia kuondoa wasiwasi wa saratani ya mfupa ambayo kwa mbwa wakubwa hupenda kukaa karibu na goti hapo hapo.

Na jengine: kwa mbwa ligamenti hii kwa kawaida haikatiki kwa ajali ya siku moja kama mchezaji mpira. Inachakaa taratibu kwa miezi, ile siku uliyoona karuka ukuta ndo uzi wa mwisho ulikatika. Ndo maana wengi, inakaribia nusu, baadae linakwenda na goti la pili. Liweke hilo kichwani unapopanga pesa.

Vipimo nnavyolinganishia

Kila njia ntaiangalia kwa mambo haya haya: goti linatulia vipi, inapatikana wapi na inakula pesa gani, kazi ya nyumbani ikoje, na ikiharibika inaharibika vipi. Mie nnavyoona lile la kazi ya nyumbani ndo linaloamua zaidi kwa sisi watu wa visiwani, maana operesheni ni asubuhi moja lakini kumzuia jibwa asikimbie ni wiki 8 mpaka 12, na watu wanapiga mahesabu ya asubuhi moja tu.

NJIA YA KWANZA: BILA OPERESHENI

Goti linatulia vipi. Hapa hakuna kinachorudishwa mahala pake. Unampumzisha kwa nguvu, unampunguza kilo, unampa dawa ya maumivu, na mwili wenyewe unajenga nyama ngumu ya kovu kuzunguka goti mpaka linapunguza kucheza. Kwa mbwa mdogo inafanya kazi vizuri sana. Kuna utafiti wa Marekani wa 1984 uliofatilia mbwa 85 wasiofanyiwa operesheni, wale wa chini ya kilo 15 asilimia kama 85 walikuwa wazima au wamepata nafuu, lakini wa juu ya kilo 15 ni asilimia 19 hivi tu. Watu wanaishia hapo, wanasema basi kwa jibwa haifai. Ila kuna mwengine wa 2013 wa mbwa wanene, wote walipunguzwa uzito na kufanyishwa mazoezi, nusu wakafanyiwa TPLO nusu hawakufanyiwa, na baada ya mwaka waliokuwa vizuri ni robo tatu kwa TPLO na karibu thuluthi mbili kwa wasiopasuliwa. TPLO ilikuwa mbele, lakini ule mwanya sio wa kumfanya mtu akope, na waliofanikiwa bila kisu walifanikiwa kwa kukonda na mazoezi, hawakuachiwa tu walale kivulini.

Inapatikana wapi, pesa gani. Popote, hata Micheweni. Gharama ni dawa na chakula na subira. Dawa lakini iwe ya mbwa, kaprofeni au meloksikamu kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni yako ya kabatini, zinamtoboa tumbo na kumharibu figo, na panado pia usimpe kwa kukisia. Na kama kapigwa sindano ya steroidi karibuni mwambie daktari, steroidi na hizi dawa za maumivu hazichanganywi.

Kazi ya nyumbani. Kubwa, na haina tarehe ya kumalizika. Kilo ndo kila kitu. Mbwa wa hoteli anakula wali wa nazi, mabaki ya chapati na vichwa vya samaki kutoka jikoni, kila mpishi anamtupia chake akiona huruma, sasa huyo utamkondesha vipi kama hujakaa na jiko zima mkakubaliana. Mbavu zake uzisikie kwa vidole bila ya kubonyeza. Kumpima ni mtihani, mizani ya bafuni inambeba mmoja tu, unapanda nae umembeba halafu unatoa kilo zako (kwenye mizani ya karafuu usiende kujaribu, utafukuzwa).

Ikiharibika. Ndani ya goti kuna vile vijigegedu viwili vya kukinga mifupa, cha upande wa ndani huchanika goti likiwa linacheza, na hapo mbwa aliekuwa anapata nafuu anarudi kunyanyua mguu kabisa. Misuli ya paja inapungua, uzito unahamia mguu wa pili. Lakini mlango wa operesheni unabaki wazi, hiyo ndo faida yake.

NJIA YA PILI: OPERESHENI YA UZI

Goti linatulia vipi. Daktari analifungua goti, anasafisha vipande vya ligamenti, anaangalia kile kigegedu, kisha anapitisha uzi mnene wa nailoni nje ya goti: nyuma unashika kijifupa kidogo kilichopo juu ya goti, mbele unapita kwenye tundu lililotobolewa kwenye muundi, unakazwa na kufungwa. Ule uzi unafanya kazi ya ligamenti kwa muda mpaka kovu lishike. Baadae unalegea au unakatika wenyewe, na hiyo ni sehemu ya mpango, sio hitilafu. Asili yake hasa ni nailoni ya wavuvi, ile ngumu ya kufungia ndoana ya samaki wakubwa, madaktari waliichukua huko wakawa wanaiua vijidudu kwa mvuke wa presha. Usiende lakini kumnunulia daktari mshipi wa jodari Malindi ukadhani umesaidia, unene wake na namna ulivyosafishwa ndo vinavyoamua kama utashika au utampa usaha.

Kwa mbwa wa kilo 10 au 15 hii ni operesheni nzuri kabisa. Kwa wa kilo 45 uzi unabeba mzigo mkubwa na unaweza kulegea kabla kovu halijakomaa. Wapo majibwa waliopona nayo vizuri, khasa watu wazima wasiokuwa na papara, ila matokeo hayatabiriki kama kwa mdogo.

Inapatikana wapi, pesa gani. Haihitaji msumeno maalumu wala pleti, kwa hivyo daktari wa upasuaji wa kawaida aliefundishwa anaweza kuifanya, na ni rahisi kwa mbali kuliko ya kukata mfupa. Uliza hapa hapa Unguja kwanza. Usiulize "unaweza?" maana atasema ndio, muulize mbwa wa mwisho wa kilo kama za wangu ulimfanyia lini na sasa anatembeaje.

Kazi ya nyumbani. Nzito sawa sawa na ya TPLO, pengine zaidi, kwa sababu kuruka kumoja kwenye wiki ya pili kunaulegeza uzi. Wiki 8 mpaka 12 za kamba fupi.

Ikiharibika. Uzi unalegea mapema na goti linarudi kucheza, au uzi unashika vijidudu na inabidi utolewe. Kutolewa sio balaa kubwa kama kovu limeshajijenga.

NJIA YA TATU: KUKATA NA KUGEUZA MFUPA

Goti linatulia vipi. Hii inataka kuelewa kidogo. Juu ya mfupa wa muundi wa mbwa pana mteremko, unaelekea nyuma, kwa mbwa wengi kiasi cha nyuzi (digrii) 25 hivi. Kila akikanyaga, paja linataka kuteleza kwenye ule mteremko na muundi unasukumwa mbele, na ligamenti ndo iliyokuwa inazuia. TPLO hairudishi ligamenti, inauondoa mteremko. Daktari anakata sehemu ya juu ya muundi kwa msumeno wa duara, anaizungusha mpaka mteremko unabaki nyuzi 5 hivi, anafunga pleti ya chuma na skrubu. Aliyeibuni ni daktari wa mifugo wa Oregon, Marekani, Barclay Slocum, na alichapisha maelezo yake 1993. Ina ndugu yake inaitwa TTA, ilitoka Zurich, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hii badala ya kuzungusha juu inasogeza mbele ile ncha ya muundi inaposhika kano ya goti. Kwa uamuzi wako wewe zihesabu kundi moja, ukimpata daktari mwenye uzoefu wa mojawapo mwache afanye anayoizoea.

Kwa mbwa mkubwa, mchanga, wa mbio, madaktari wengi wa mifupa wanaipendelea TPLO, na mbwa huanza kuukanyagia mguu mapema, mara nyengine ndani ya siku chache. Uzuri huo huo ndo mtego wake, ntaeleza.

Inapatikana wapi, pesa gani. Marekani goti moja ni dola elfu kadhaa. Huku hesabu yako ina vipande vingi: msumeno, pleti za saizi yake, eksirei kabla na baada, dawa za nusu kaputi, kisha usafiri. Waulize SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, wana hospitali ya wanyama na ndiko wanakosomea madaktari wa mifugo, waulize wa Dar, na wenye uwezo wanatizama mpaka Nairobi. Kuvuka na mbwa kunataka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha kusafirisha mnyama, anza kukishughulikia kabla ya kupanga tarehe, na boti nayo iulize mapema kama inampakia na wapi, usije ukaambiwa gatini. Kubwa zaidi: panga mahala pa kukaa bara mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 mpaka 14. Kumpandisha boti siku ya pili ya operesheni, bahari ya kusi, jibwa limelewa dawa linateleza kwenye bati, hiyo ni kumtafutia operesheni ya pili.

Kazi ya nyumbani. Mfupa umekatwa, kwa hivyo ni mvunjiko ulioulipia mwenyewe. Unaunga kwa wiki 8 mpaka 12 na kwenye wiki ya 8 hivi inapigwa eksirei nyengine kuangalia. Mtego ni kwamba mbwa anajisikia mzima wiki ya tatu. Anaona paka, anataka kuruka. Mlinzi anaona anatembea vizuri anamfungulia usiku "alinde kidogo". Pleti inapindika hapo. Mbio za kweli ni baada ya miezi 4 mpaka 6.

Ikiharibika. Ikienda mrama inakwenda mrama kwa kishindo zaidi: usaha kwenye pleti, skrubu kulegea, mfupa kuvunjika. Haitokei kwa wengi, lakini ikitokea unamtaka yule yule daktari, na yeye yuko ng'ambo ya maji. Na baridi yabisi ya goti haizuiliki moja kwa moja kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, inapungua tu kasi.

Sasa zile wiki 8, kwa nyumba zetu

Hapa ndo nnataka tukae kidogo. Vitabu vinasema muweke mbwa ndani, sebuleni, kwenye kizimba. Sisi nyumba nyingi mbwa haingii ndani, mate yake ni najsi, mtu anataka sala zake na hana muda wa kuosha mara saba moja kwa udongo kila mbwa akipita kwenye mkeka. Hiyo haina ubishi na wala haimzuii mbwa kutunzwa. Mjengee banda uani, dogo, awe anaweza kusimama na kugeuka lakini hawezi kuchukua hatua za mbio. Juu bati lenye kivuli cha makuti, maana bati tupu wakati wa kaskazi linamchoma. Chini saruji iliyokwaruzwa au mpira, sio marumaru, jibwa lenye miguu mitatu juu ya marumaru linachana kila kitu. Kidonda kisirowe, kwa hivyo kama unachagua tarehe usichague masika.

Amua mapema nani anamshika. Awe mtu mmoja au wawili, mara nyingi askari wa geti, awe na glovu na nguo za kazi hiyo, na alipwe kitu kwa sababu anaamka usiku. Kumtoa kujisaidia: chukua kanga kuukuu, ikunje kwa urefu mpaka iwe mkanda wa upana wa kiganja viwili, ipitishe chini ya tumbo mbele kabisa ya mapaja, shika ncha mbili juu ya mgongo wake kama unabeba mkoba. Humnyanyui, unamsaidia tu asidondoke akiteleza. Dume ukiiweka mbele sana hataweza kukojoa, atakutizama tu. Mkono wa pili kamba fupi. Dakika 5, anarudi bandani. Siku za mwanzo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hivi kwenye goti, mara mbili tatu kwa siku. Ile kola ya plastiki ya shingoni abaki nayo hata ikikuudhi, kulamba kwa usiku mmoja kunafungua nyuzi.

Bahari ni dawa lakini kwa wakati wake. Kidonda kikishafunga na daktari akiruhusu, maji yakipwa ule mchanga mgumu wa upande wa mashariki ni mzuri wa kumtembeza pole pole kwa kamba, mchanga laini wa juu unamkazisha goti, usiupite. Kuogelea kunajenga paja bila ya kumbebesha uzito, sio lakini siku ya mawimbi na sio kwa kumtupia kijiti.

Nani achague nini

Mbwa mchanga wa kilo 40, kazi yake mbio, mwenyewe ana pesa ya operesheni na ya kukaa bara na ana mtu wa kumshika miezi mitatu: aanzie kuulizia kukata mfupa. Kikikosekana kimoja katika hivyo vitatu, khasa mtu, ashuke ngazi moja, kwa sababu TPLO isiyolindwa ni mbaya kuliko goti lisiloguswa.

Mbwa wa kilo 20 na kidogo, au mkubwa lakini mpole, na daktari wa Unguja mwenye uzoefu wa uzi: uzi una maana. Huyo huyo akiwa mnene, mpe kwanza mwezi mmoja au miwili ya kukonda na dawa, kisha akaguliwe tena. Wengine hapo wanaahirisha operesheni, wengine wanaifanya wakiwa na goti linalobeba kilo chache.

Mbwa mzee wa miaka 10, ana moyo au figo mbovu, au damu yake haijakaa sawa baada ya homa ya kupe: bila operesheni, dawa ya maumivu kwa uangalizi, na hakuna wa kumwambia mwenyewe kuwa kamdhulumu mbwa.

Mbwa wa msasi wa Pemba, shamba, hakuna gari ya karibu ya kwenda Mkoani: anza na mapumziko ya kweli wiki 8, afungwe, asiingie porini msimu huu. Baada ya hapo kama bado ananyanyua mguu kabisa pengine kigegedu kimechanika, na mapumziko mengine hayatamtibu, hapo ndo safari ya daktari inakuwa na sababu.

Na yule ambae goti la kwanza lilikwenda mwaka jana na sasa la pili linaanza, asimalize pesa zote kwa mguu mmoja kabla ya kumuuliza daktari mguu upi ndo unaombeba sasa hivi.